Sura ya Saba: Bambo Lililoganda

Mwonjaji wa siagi alikutwa amekufa ndani ya chumba cha barafu, mlango umefungwa kwa kufuli nje. Ufunguo wa kufuli lile alikuwa nao mtu mmoja tu, mtunza ghala, na mtunza ghala alikuwa mahabusu. Kesho yake angesimamishwa mbele ya hakimu kusomewa shitaka la kuua.

Kituoni watu walishaanza kupongezana. Mkuu wa kituo aliwaambia wakubwa zake kwamba kesi imeiva, inangoja kupakuliwa tu. Aliyepewa kuipakua alikuwa Inspekta mmoja mwanamke, mnene, wa taratibu, ambaye vijana wa zamu walimwita Kupe akiwa hayupo, na siku nyingine akiwepo. Aliisoma kesi asubuhi, akaifunika, akaomba afunguliwe mahabusu.

"Afande, yule si keshahojiwa?" Koplo wake akauliza.

"Kahojiwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula."

"Mimi ndiye niliyemhoji."

"Ndiyo nasema."

Mtunza ghala alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mtu mwenye mabega mapana ya kubebea mizigo, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ndani kama ya mgonjwa. Alipomwona Inspekta akataka kuinuka. Inspekta akamkalisha kwa mkono.

"Ulifunga mlango wewe?"

"Mimi, mama. Kama ninavyofunga kila siku."

"Hukuchungulia ndani?"

"Sikuchungulia. Bosi aliniambia mwonjaji keshaondoka, funga twende. Nikafunga."

"Bosi anasema hakukwambia kitu."

"Basi kati yangu na bosi kuna mwongo mmoja. Na mimi, mama, sina pesa ya kuwa mwongo."

Koplo akacheka, akajifanya anakohoa.

"Watu wanasema mligombana, wewe na marehemu," Inspekta akaendelea.

"Tulitaniana. Aliniita mlinzi wa friji. Nami nikamwita paka."

"Paka?"

"Kazi yake si kulamba siagi? Tukacheka wote. Kama huo ni ugomvi, basi mimi na mke wangu tulikwisha uana zamani." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikifungwa mimi, wanangu wale nini?"

Inspekta akamwita askari aje kufunga mlango. Hakuwa mtu wa kugawa matumaini asiyokuwa nayo.

* * *

Nje ya lango la ghala palikuwa na watu. Hawakuja kuangalia mauti. Walikuja kuuliza siagi.

Tangu kiangazi kianze, siagi ilikuwa imeadimika nchi nzima. Wenye viwanda vya mikate na keki walianza kuinunua kwa katoni, kisha kwa kilo, sasa waliinunua kwa kubembeleza. Wafanyabiashara walisema ng'ombe wamekauka. Kila mtu aliamini, maana ukame ni shahidi asiyeulizwa maswali. Na bei ilikuwa ikipanda, leo hivi, kesho vile, hata wauzaji wakaacha kuiandika ubaoni, ikawa inanong'onezwa sikioni kama habari ya msiba.

Mama mmoja mwenye aproni iliyojaa unga alimshika Inspekta kiwiko. "Mwanangu, mna siku ngapi nyie humu ndani? Sisi hatukuua mtu. Tupeni mzigo tukafanye kazi."

"Mzigo si wangu, mama."

"Kila mtu anasema si wake. Sasa ni wa nani, wa shetani?"

Mzigo ulikuwa wa bosi wa mtunza ghala, aliyewangoja ndani, kasimama kwenye kivuli cha mlango na simu mkononi. Alikuwa mwembamba, msafi, ananukia manukato. Sokoni walimwita Mzee wa Tani, kwa sababu hakujua kuhesabu kitu kilichopungua tani moja. Siagi, malai, samli, mafuta yote yatokanayo na maziwa yalipita mikononi mwake, ingawa mikono yenyewe ilikuwa laini kama ya mtoto aliyenyonyeshwa juzi.

"Karibu, mama Inspekta. Pole na kazi. Marehemu alikuwa kama ndugu yangu."

"Twende chumbani."

Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa mnene kama ukuta. Ulipofunguliwa, ukungu mweupe ukatoka ukawalamba miguu. Ndani, katoni zilipangwa mpaka darini, kushoto na kulia, kukaachwa ujia mwembamba katikati. Mashine zilinguruma juu yao bila kupumzika, mngurumo ule wa kukufanya uhisi kuna mnyama mkubwa amelala karibu nawe. Taa ilikuwa moja. Mwisho wa ujia, ambako taa ilifika kwa shida, palikuwa na katoni iliyofunuliwa. Hapo ndipo mwonjaji alipokutwa, ubavu wake wa kulia chini, barafu kwenye kope.

Bambo lake lilikuwa bado limesimama katikati ya siagi. Ni chuma kama kile wanachodungia magunia ya mchele, kirefu, chenye ncha na mfereji katikati. Mwonjaji hulididimiza, hulizungusha, akilitoa linakuja na kipande kirefu cha siagi toka tumboni mwa katoni.

"Nieleze tena ulivyomwacha," Inspekta akasema. Pumzi yake ilitoka kama moshi.

"Nilimwacha hapahapa. Mimi nimesimama pale mlangoni. Namwona anaidunga hiyo katoni, anaonja. Nikamwambia, kaka, natangulia. Akanipungia mkono. Basi. Huyo mpumbavu wa ufunguo akaja akamfungia. Kwa kusudi au kwa uzembe, hiyo kazi yenu."

"Ulimwona akiidunga."

"Kwa macho yangu mawili."

"Koplo, andika hivyo hivyo. Naye atie sahihi."

Mzee wa Tani alitia sahihi kwa madaha. Inspekta akalishika bambo, akavuta. Halikutikisika. Akaweka mguu, akavuta tena. Wapi.

"Niachie mimi, afande," Koplo akasema, akatemea mate viganjani. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Katoni nzima ikainuka, bambo likabaki palepale lilipo. Akaitua akihema. "Hii siagi au zege?"

Mzee wa Tani akatabasamu. Mikono yake ilikuwa mifukoni. Inspekta akaangalia ile mifuko kwa muda, kisha akageuka akatoka, akasema mlango ufungwe na pasiingie mtu. Koplo alimjua. Kupe alikuwa ameshapata pa kung'ata.

* * *

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa mikekani. Mjane alimpokea Inspekta chumbani, akamkalisha kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa na nguo za marehemu, zimekunjwa, hajazipeleka popote. Kaka wa mjane alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Dada yangu ameshasema yote kwa polisi," akasema.

"Nina swali moja tu, shemeji. La kazi." Inspekta akamgeukia mjane. "Mumeo alikuwa anaonja siagi mle ndani ya barafu?"

Mjane akamwangalia kana kwamba ameulizwa kama mumewe alikuwa anaogea jikoni.

"Ndani ya barafu? Kuonja nini? Siagi iliyoganda haina harufu wala ladha. Alikuwa anasema ni kama mtu aliyezimia, utamhoji nini? Katoni zinatolewa jioni, zinalala nje, mpaka zizinduke. Asubuhi ndipo anaanza. Ukitaka kumwudhi mume wangu, mletee siagi ya baridi. Hata mimi hapa nyumbani alikuwa ananigombeza."

"Siku ile alianza lini?"

"Asubuhi. Mchana akaja kula, hakula. Nikamwuliza una nini, baba watoto? Akasema, kuna siagi kule karatasi yake inasema imezaliwa mwezi uliopita, lakini uso wake ni wa mvua. Wanataka nigonge mhuri kwamba ni mpya." Akanyoosha pindo la kanga lisilokunjamana. "Nikamwambia, gonga, mume wangu, tuna watoto. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Akaniambia hawezi. Akarudi kazini."

Kaka yake akashusha mikono. Alikuwa hajalisikia hilo.

Chini ya kitanda mlikuwa na bambo jingine, la akiba, limeviringwa kwenye kitambaa. Inspekta akaliomba. Mjane akalitoa mwenyewe, akalifuta, akampa kwa mikono miwili.

* * *

Chumba cha kuonjea kilikuwa upande wa pili wa ghala, kinatazama ua. Meza moja ndefu ya marumaru, beseni, kopo la maji ya moto la kusuuzia bambo. Mezani kulikuwa na katoni tano zilizofunuliwa, siagi yake imelegea, pembeni imeanza kutoka jasho. Kila katoni ilikuwa na tundu moja, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa siagi ileile na kulainishwa kwa dole gumba. Ndivyo alivyofanya kazi yule bwana: akishaonja hurudisha kilichobaki, akaziba, akapiga dole gumba juu. Hakupenda kuacha kidonda.

Kati ya katoni ya tano na mwisho wa meza palikuwa na nafasi. Hapo marumaru yalikuwa na alama ya mafuta, yenye pembe nne.

"Ya sita iliondoka," Inspekta akasema.

"Na haikuondoka peke yake," Koplo akajibu. Alikuwa amepiga magoti, anachungulia chini ya kona ya meza. Juu palikuwa pamefutwa, panang'aa. Chini ya ukingo, ambako mfutaji hakuinama, palikuwa na michirizi myeusi iliyokauka. Daktari wa maiti alikuwa ameandika jeraha la kisogoni, akasema huenda aliteleza kwenye barafu. Koplo akaangalia kona, akajigusa kisogo.

Inspekta akachukua kisu, akakata kipande toka katoni ya kwanza. Kilikuwa cha manjano iliyokolea, kama kiini cha yai.

"Wewe kwenu mna ng'ombe?"

"Wapo, afande. Wamebaki mbavu."

"Siagi yao sasa ina rangi gani?"

Koplo akafikiri, na alipokwisha kufikiri uso ukambadilika. "Nyeupe kama mshumaa. Hii ya manjano ni ya majani mabichi. Ni siagi ya masika, afande! Ya mvua iliyopita!" Akasoma karatasi ubavuni mwa katoni. "Hapa wameandika ya mwezi jana."

"Mwezi jana ni ng'ombe wa nani aliyekula majani mabichi?"

"Labda wa mbinguni."

"Basi nchi haijakaukiwa siagi. Imefichiwa. Sasa bei imefika walikotaka, wanaivisha nguo mpya waitoe. Kilichobaki kilikuwa mhuri wa mtu mmoja." Akaweka kisu chini. "Kamwite mzee."

* * *

Mzee wa Tani aliingizwa tena chumba cha barafu, safari hii askari wawili mlangoni. Inspekta akamkabidhi bambo la akiba, akamsogezea katoni ngeni, akaifunua.

"Nionyeshe alivyokuwa anadunga."

"Mama, mimi si mwonjaji."

"Ulimwona kwa macho mawili. Nionyeshe."

Akadunga. Ncha iliteleza juu ya siagi kwa mlio wa kukera meno, ikaacha mkwaruzo mweupe. Akadunga tena kwa mikono miwili. Bambo likamponyoka, likaanguka, na sauti ya chuma ikarudi mara mbili kati ya kuta za katoni. Alibaki ameinama, anaiangalia ile siagi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana. Na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Haidungiki," Inspekta akasema. "Lile bambo kule liliingia siagi ikiwa laini, mezani kwake. Mkagombania mhuri. Ukamsukuma, akapiga kisogo kona ya meza. Ukadhani amekufa. Ukamleta huku kwa toroli pamoja na katoni aliyokuwa anaionja, bambo limo ndani yake, ionekane yuko kazini. Kisha ukamwambia mtunza ghala afunge. Daktari anasema aliuawa na baridi. Maana yake alipofungiwa alikuwa hai."

Mashine ziliendelea kunguruma.

"Mtunza ghala angeweza kufanya hivyo," Mzee wa Tani akasema taratibu.

"Mtunza ghala anazibeba hizi begani miaka yote. Anajua ni mawe. Angemwachia bambo mkononi, si ndani ya siagi. Aliyepanga hivi anaijua siagi kwa simu."

Koplo akataka kucheka, akaacha. Mzee wa Tani alikuwa amenyooka. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshikwa. Alikuwa na uso wa mtu anayeanza kuuza.

"Tuongee kama watu wazima. Marehemu hafufuki. Mtunza ghala mtoe leo, sema ilikuwa ajali, mlango ulijifunga. Mimi nafungua lango saa hii hii, nauza mzigo wote kwa bei ya zamani. Wale akina mama pale nje wanapata siagi, wewe unaitwa mkombozi. Nani amepoteza?"

"Mjane."

"Nitamtunza mjane."

"Na nikikataa?"

"Utafunga ghala, mzigo uwe kielelezo cha mahakamani." Alisogea karibu, akapunguza sauti. "Siko peke yangu, mama. Maghala ya namna hii yapo, na wenyewe wametulia, wanangoja. Ukiitia hii lakiri, umewapandishia bei bure. Watakunywa chai kwa jina lako."

Inspekta akatoka nje ya mlango mnene, akampigia mwendesha mashtaka. Aliuliza kama anaweza kuchukua katoni mbili tatu tu, zilizobaki ziuzwe.

"Huwezi," sauti ikamjibu. "Katoni tatu atasema ni makosa ya karani. Shehena nzima ndiyo sababu ya kuua. Bila sababu, kesho mbele ya hakimu ni neno la tajiri na neno la mtunza ghala. Unajua litakaloshinda."

"Najua."

"Basi chagua, kesho si mbali."

Alisimama pale na simu iliyozimika. Kupitia lango aliwaona wenye viwanda, wamekaa juu ya ndoo na kreti tupu, wameanza kugawana kivuli. Mama mwenye aproni alimwona akiangalia, akanyanyua mkono kuuliza: vipi?

Inspekta akamwita Koplo. "Mtie pingu. Kisha leta lakiri."

"Tufunge chumba hiki tu, afande?"

"Ghala lote."

Waliufunga mlango, wakaukaza utepe, wakayeyusha lakiri nyekundu juu ya kufuli, Inspekta akagandamiza mhuri wa polisi kwa nguvu zake zote. Mzee wa Tani alipitishwa langoni mbele ya watu. Kwanza walipiga kelele za furaha. Kisha mmoja akauliza, na siagi? Kelele zikafa polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mama mwenye aproni alimtazama Inspekta mpaka gari likakata kona. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali.

Mtunza ghala alitoka mahabusu kesho yake, hakimu hata hakumwita jina. Alikwenda moja kwa moja ghalani kuuliza zamu yake. Askari wa lindo akamwonyesha lakiri. Akaisoma, akarudi nyumbani.

Ilipofika mwisho wa wiki, hesabu ilisimama hivi. Mwonjaji mmoja, ardhini. Tajiri mmoja, ndani. Wenzake, hakuna aliyeguswa. Mtunza ghala mmoja, huru, bila kazi. Katoni elfu tatu na mia nne za siagi ya masika, nyuma ya lakiri, kila mtu anajua zilipo na hakuna anayeweza kuzila. Bei ya kilo, mara mbili ya ilivyokuwa siku mtu alipouawa kwa ajili yake. Viwanda vya mikate vilivyozima matanuri, saba. Cha mama mwenye aproni kilikuwa cha nne. Wafanyakazi wake, kumi na mmoja.